Namna ya kuchagua muundo wa noti za mgonjwa kwenye mfumo wa kielektroniki: mwongozo kamili kwa vituo vya afya

Fundi anapofika kituoni kusimika mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, maswali ya mwanzo ni ya vifaa: kompyuta ngapi, waya zipite wapi, printa ikae mapokezi au famasia. Swali la noti huja jioni, watu wameshachoka. "Daktari, noti zenu mnaandika kwa SOAP?" SOAP ni mmoja wa miundo ya noti, nitaueleza kwenye Hatua ya 3. Daktari anaitikia kwa kichwa, fundi anabofya, na uamuzi wa sekunde mbili unabaki kituoni kwa miaka. Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi, muuguzi kiongozi au mtu wa TEHAMA anayetaka kuwa na jibu kabla swali halijaulizwa.

Msimamo wangu ni huu: muundo wa noti huchaguliwa kwa kumwangalia atakayeisoma. Anayeandika amemwona mgonjwa kwa macho yake. Muuguzi wa zamu ya usiku, tabibu wa kliniki mwezi ujao, daktari wa hospitali ya rufaa na mhakiki wa madai ya bima hawana kingine ila maandishi. Na kwa kuwa wasomaji wa leba si wasomaji wa kliniki ya kisukari, kituo kimoja hakilazimiki kuwa na muundo mmoja.

Hatua ya 1: Orodhesha wasomaji

Chukua karatasi, andika jina la kila kitengo, na mbele yake ujibu mambo matatu: nani anasoma noti za hapa, anatafuta nini, na ana muda gani wa kukitafuta. Kwa OPD (idara ya wagonjwa wa nje) ya kituo cha afya orodha yaweza kuwa hivi. Famasia anatafuta jina la dawa, dozi na idadi ya siku, na foleni iko dirishani. Mtu wa maabara anataka kujua kipimo kimeombwa kwa sababu gani. Tabibu atakayempokea mgonjwa akirudi anataka tathmini na mpango wa mara ya mwisho. Mhakiki wa bima anaangalia kama ugonjwa ulioandikwa unaendana na vipimo na dawa zilizodaiwa. Anayejaza MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya) anataka umri, jinsi, utambuzi wa ugonjwa, na kama mgonjwa ni wa mahudhurio mapya au ya marudio.

Angalia orodha hiyo kwa makini. Karibu kila mmoja anatafuta tathmini na mpango, na wachache tu wanahitaji historia nzima. Hilo litarudi tutakapofika kwenye mpangilio wa skrini.

Hatua ya 2: Soma noti mnazoandika sasa

Kabla ya kutamani muundo mzuri, toa mafaili kama thelathini ya zamani, ya watoa huduma tofauti na siku tofauti. Yachanganye na ya Jumatatu, siku ya msongamano. Weka alama kwenye kinachoandikwa kila mara, kisichoandikwa kamwe, na kilichoandikwa lakini hakuna aliyekitumia.

Noti za Jumatatu ndizo zitakazokwambia ukweli. Utakuta "Homa siku 2, mRDT+, ALu, paracetamol" na saini, basi: kipimo cha haraka kimeonyesha malaria, kapewa dawa mseto na ya homa. Huo ndio muundo halisi wa kituo chenu siku wagonjwa wanapokuwa wengi, na muundo mpya utakaodai dakika kumi na tano kwa mgonjwa anayepata dakika tano utavunjwa wiki ya kwanza. Watu watajaza nukta kwenye visanduku ili mfumo uwaruhusu kuendelea. Nukta hizo zitaonekana kwenye ripoti kama taarifa kamili.

Hatua ya 3: Ifahamu miundo iliyopo

Simulizi ndiyo kongwe kuliko yote: unaandika aya kama unavyomsimulia mwenzako. Inafaa kwa kisa kigumu, kwa mgonjwa wa afya ya akili, kwa tukio lisilo la kawaida. Ubaya wake ni kwamba msomaji hajui aangalie wapi, na kompyuta haiwezi kuhesabu chochote ndani yake.

SOAP ndiyo iliyoenea zaidi. Ilitokana na kazi ya daktari wa Marekani, Lawrence Weed, aliyoichapisha mwaka 1968 akitaka noti za wagonjwa zifuate mantiki badala ya kumbukumbu za kila daktari. S ni anachosema mgonjwa, O ni ulichokiona na kukipima, A ni tathmini yako, P ni mpango. Mfano wa kliniki ya magonjwa sugu:

S: Mama wa miaka 54, ana presha na kisukari. Kichwa kinamuuma kisogoni kwa siku tatu. Amlodipine ilimwishia wiki mbili zilizopita, hakuwa na nauli ya kuja kliniki. Hana maumivu ya kifua, anaona vizuri, miguu haijavimba.

O: Presha 172/104, imerudiwa baada ya dakika kumi: 168/102. Mapigo 84. Sukari kabla ya kula 9.8 mmol/L. Uzito kilo 81. Miguu haina kidonda, hisia zipo.

A: 1. Presha imepanda kwa kukosa dawa, hakuna dalili za viungo kuathirika. 2. Kisukari aina ya 2, bado hakijadhibitiwa.

P: 1. Aanze tena amlodipine 5 mg mara moja kwa siku. 2. Kreatinini leo; ikiwa sawa, metformin ipande kutoka 500 mg hadi 1 g mara mbili kwa siku. 3. Apewe dawa za mwezi mzima, presha ipimwe zahanati ya kijijini kwao baada ya wiki mbili. Akiona ukungu, akiishiwa nguvu upande mmoja au kifua kikimbana, aje siku hiyohiyo.

Sentensi yenye thamani kubwa hapo ni ile ya nauli. Bila hiyo, tabibu wa mwezi ujao ataona presha ya 172 kwa mtu aliyeandikiwa amlodipine, atadhani dawa imeshindwa, na ataongeza ya pili kwa mama ambaye ya kwanza hakuwa nayo. Hakuna orodha ya kuchagua kwenye mfumo itakayoinasa sentensi hiyo isipokuwa mmeacha nafasi ya kuiandika.

Weed alikuwa na wazo pana kuliko herufi nne. Alitaka kila mgonjwa awe na orodha ya matatizo yenye namba, na kila noti ifungwe kwenye namba yake. Vituo vingi vilichukua herufi vikaiacha orodha. Kwa kliniki ya OPD ya mafua na malaria hilo halina hasara kubwa. Kwa mgonjwa wa presha, kisukari na figo kwa pamoja, orodha ya matatizo ndiyo faili lenyewe.

APSO ni SOAP iliyogeuzwa: tathmini na mpango juu, historia na vipimo chini. Kwenye karatasi haikuwa na maana kubwa, maana jicho linaruka hadi mwisho wa ukurasa mara moja. Kwenye skrini ya inchi kumi na nne, yenye majibu ya maabara yaliyojivuta yenyewe katikati ya noti, msomaji anashuka na kushuka kabla hajaona mgonjwa alionekana ana nini. Ushauri wangu kwa vituo vingi: mtoa huduma aandike kwa mfuatano wa SOAP, kwa kuwa ndivyo mahojiano yanavyokwenda na ndivyo alivyofundishwa chuoni, lakini mfumo uonyeshe tathmini na mpango juu noti inapofunguliwa na mwingine. Mpangilio wa kuandika na mpangilio wa kuonyesha ni mambo mawili, na baadhi ya programu huruhusu kuyatenganisha. Muulize fundi wako hili mapema, maana kama mfumo wenu hauwezi, itabidi mchague moja.

DAP na BIRP ni za ushauri nasaha na afya ya akili. DAP inaunganisha alichosema mgonjwa na ulichokiona kuwa sehemu moja ya taarifa, kisha tathmini, kisha mpango. Hiyo ina mantiki: kwenye ushauri nasaha, mgonjwa kuangalia chini anapomtaja mumewe ni kauli au ni uchunguzi? BIRP inaandika tabia, hatua aliyochukua mshauri, mwitikio wa mgonjwa na mpango, hivyo inafaa pale msimamizi anapotaka kujua mshauri alifanya nini hasa.

SBAR ni ya kukabidhi au kuomba msaada: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini, pendekezo. Asili yake ni mawasiliano ya Jeshi la Wanamaji la Marekani kwenye nyambizi za nyuklia, kisha Kaiser Permanente, mtandao wa huduma za afya wa Marekani, ikaiingiza hospitalini. Usiifanye noti ya kila siku. Itumie muuguzi anapompigia daktari saa nane usiku, na kwenye barua ya rufaa.

Mwisho kuna fomu maalumu, ambazo watu husahau kuziita muundo wa noti ingawa ndizo wanazotumia zaidi: kadi ya CTC2 ya kliniki ya VVU, kadi ya kliniki ya wajawazito, partogramu (mchoro wa kufuatilia uchungu), fomu ya mtoto mgonjwa. Hizi zimeshafikiriwa na wataalamu na wizara inadai ripoti zake. Msizibuni upya.

Hatua ya 4: Amua kipi kiwe kisanduku na kipi kiwe sentensi

Hapa ndipo noti za kielektroniki zinapoharibika au kupona, kuliko hata kwenye uchaguzi wa herufi.

Kanuni ninayoitumia: kitu kitakachohesabiwa, kulinganishwa na cha mwezi uliopita, au kuwasha tahadhari, kiwe kwenye sehemu yake maalumu. Kitu kinachoeleza *kwa nini*, kiwe sentensi. Presha iwe kwenye visanduku viwili vya namba, si "172/104" ndani ya aya, ili mfumo uchore mchoro wa miezi sita. Uzito, joto, sukari, tarehe ya hedhi ya mwisho, aleji ya dawa, majibu ya mRDT: visanduku. Utambuzi wa ugonjwa uchaguliwe kutoka orodha yenye kodi za ICD (uainishaji wa kimataifa wa magonjwa), kwa sababu MTUHA na bima vyote vinaichota hapo. Dawa ziandikwe sehemu ya dawa mara moja tu na zijionyeshe zenyewe kwenye mpango. Ukimfanya tabibu aandike dawa mara mbili, siku moja mahali pawili hapo patatofautiana.

Malalamiko makuu yabaki maneno ya mgonjwa mwenyewe, kwa Kiswahili chake, hata kama sehemu nyingine za noti zinaandikwa kwa Kiingereza. Historia ya ugonjwa, sababu za kutomeza dawa, hali ya nyumbani, mashaka uliyonayo kuhusu utambuzi wako: sentensi, na ziwe fupi.

Anayetaka kuona jambo hili limefanyiwa kazi kwa muda mrefu aangalie Kenya. Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Kazi hiyo ya Eldoret ni miongoni mwa mizizi ya OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 na ambayo KenyaEMR, mfumo unaotumika vituoni Kenya, umejengwa juu yake. Kwenye OpenMRS kila swali na kila jibu ni dhana yenye utambulisho wake kwenye kamusi moja. Ukiuliza "Je, anavuta sigara?" kwenye fomu tatu kwa kutumia dhana ileile, jibu linahesabika kote. Ukitengeneza dhana mpya kila fomu, utakuwa na majibu matatu yasiyojuana. Kwa hiyo hata ukiwa mtu wa wodini usiyejua kompyuta, mwambie fundi: tumieni dhana iliyopo kabla ya kuunda nyingine.

Mitego miwili. Wa kwanza ni visanduku vya lazima. Kila msimamizi wa mradi akija anaomba chake kiwe cha lazima, na baada ya mwaka fomu ya kikohozi ina maswali arobaini. Lazima ibaki kwa vile tu ambavyo kukosekana kwake kunaweza kumdhuru mgonjwa au kufanya noti isiwe na maana: aleji, uzito kwa mtoto, utambuzi, mpango.

Wa pili ni kitufe cha "vyote kawaida". Kinajaza uchunguzi wa mwili mzima kwa mguso mmoja, na ndiyo maana kinapendwa. Ndiyo maana pia utakuta mgonjwa aliyekatwa mguu ana "mapigo ya miguu yote miwili kawaida". Kama mnakitaka, kiwe kwa kila kiungo peke yake, na kisichoguswa kiandikwe "hakikuchunguzwa". Kusema hukuchunguza si aibu, na kunamsaidia anayefuata kuliko kawaida ya uongo.

Hatua ya 5: Gawa miundo kwa vitengo

*OPD.* SOAP fupi. Skrini moja bila kushuka chini ndilo lengo. Kwa magonjwa yanayojirudia tengenezeni violezo vichache: homa, kikohozi, kuhara kwa mtoto, maumivu wakati wa kukojoa. Violezo vitano vinavyotumika vinatosha. Thelathini hakuna atakayevitafuta.

*Kliniki za magonjwa sugu.* Orodha ya matatizo juu, jedwali la vipimo vya mahudhurio yaliyopita pembeni, kisha tathmini na mpango kwa kila tatizo. Sehemu ya S iwe na swali moja lisilorukwa: dawa anameza, na kama hamezi ni kwa nini.

*Wodi.* Noti ya kulaza iwe ndefu, ya simulizi ndani ya SOAP, kwa kuwa ndiyo msingi wa zote. Noti ya raundi ya kila siku iwe fupi kupita kiasi: nini kimebadilika tangu jana, tunadhani nini, leo tunafanya nini, mgonjwa anasubiri nini ili aruhusiwe. Adui mkubwa wa noti ya wodi ni kunakili ya jana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichambua noti zaidi ya 23,000 za wagonjwa waliolazwa, wakachapisha matokeo mwaka 2017: maandishi yaliyochapwa na mwandishi mwenyewe yalikuwa asilimia 18 tu. Asilimia 46 yalinakiliwa, na 36 yaliletwa na mfumo. Hospitali ile ni tajiri na madaktari wake si wavivu. Mfumo uliwarahisishia kunakili, wakanakili. Kwetu, ambapo daktari mmoja anazunguka wodi mbili, kishawishi ni kikubwa zaidi.

Kukabidhi zamu ni shughuli nyingine, nayo ina miundo yake. I-PASS, mpangilio wa hatua tano wa kukabidhi mgonjwa, uliofanyiwa utafiti kwenye hospitali tisa za watoto Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2014, ulipunguza makosa ya kitabibu kwa asilimia 23. Kinachofanya ifanye kazi, kwa maoni yangu, ni kipengele chake cha mwisho: anayepokea zamu anarudia kwa maneno yake alichoambiwa. Hilo halihitaji programu yoyote.

*Leba.* Msiilazimishe SOAP. Uchungu unafuatiliwa kwa muda na mchoro, na hatua inachukuliwa mstari unapovuka mpaka uliochorwa. Kama mfumo wenu hauna partogramu nzuri ya kielektroniki, bakini na ya karatasi, mscani au mpige picha na kuiambatisha, kisha muandike muhtasari wa kujifungua kwenye mfumo. Kumbukeni pia kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unahesabu hatua ya uchungu hai kuanzia sentimita 5, wakati partogramu iliyoutangulia ilianzia 4. Hakikisheni programu mliyouziwa inafuata toleo ambalo wizara yenu inalitumia, la sivyo mchoro utapiga kengele pasipostahili.

*Ushauri nasaha, afya ya akili, ukatili wa kijinsia.* DAP, au simulizi fupi, na ruhusa ya kuisoma iwe finyu. Nitalirudia hili.

*Dharura na rufaa.* Muda wa kila tukio uandikwe na mfumo wenyewe. Barua ya rufaa ijitengeneze kutoka kwenye noti kwa mpangilio wa SBAR, ikiwa na dawa zilizotolewa tayari na saa zake. Daktari wa hospitali ya mkoa anayempokea mtoto mwenye degedege hataki historia ya chanjo kwenye mstari wa kwanza. Anataka kujua diazepam imetolewa kiasi gani na saa ngapi.

Hatua ya 6: Ihoji programu

Maswali haya muulize muuzaji au fundi akiwa mbele ya kompyuta, na asikujibu kwa mdomo. Akuonyeshe.

- Naweza kubadilisha kiolezo mwenyewe au lazima nikuite, na kila ukija ni shilingi ngapi?
- Noti ikichapishwa kwa karatasi, inatoka ukurasa mmoja unaosomeka?
- Mtandao ukikatika katikati ya kuandika, nilichoandika kinapotea?
- Nikisahihisha noti iliyosainiwa, maandishi ya kwanza yanabaki yakionekana?
- Naweza kuona nani alifungua faili la mgonjwa fulani, na lini?
- Siku tukihama mfumo, noti zetu zinatoka kwa umbo gani?

La mwisho husahaulika, nalo ndilo lenye gharama. Sentensi zilizofungiwa ndani ya programu ya kampuni iliyofunga ofisi hazina wa kuzitoa.

Hatua ya 7: Jaribu kwa karatasi, kisha kwa watu

Chora muundo kwenye karatasi ya A4 na uwape watoa huduma wawili au watatu wautumie kwa wagonjwa halisi siku moja. Utaona mishale, maneno pembeni, visanduku vilivyoachwa. Rekebisha hapo, ambapo kurekebisha ni kufuta kwa raba. Kisha ndipo fundi akijenge kiolezo kwenye eneo la majaribio.

Jaribio la pili ni la msomaji. Chukua noti kumi zilizoandikwa kwa muundo mpya, mpe mtoa huduma ambaye hakuwaona wagonjwa hao, umwulize: mgonjwa anadhaniwa ana nini, kwa nini, na anayefuata afanye nini? Mwache asome kwa muda usiozidi dakika moja kwa kila noti. Akishindwa kujibu, kosa ni la muundo au la mwandishi, na ukimkuta ameshindwa kwenye noti za waandishi wote, ni la muundo.

Pima pia muda wa kuandika, Jumatatu, si Ijumaa mchana.

Hatua ya 8: Wekeni kanuni za kunakili, kusaini na kusahihisha

Kanuni za ukurasa mmoja, zibandikwe ukutani. Kunakili kutoka noti ya jana kuruhusiwe kwa orodha ya matatizo na historia ya zamani tu. Uchunguzi wa mwili, tathmini na mpango viandikwe upya kila siku. Kila mtu asaini kwa akaunti yake. Akaunti ya pamoja ya "nurse1" yenye nywila iliyobandikwa kwenye skrini inafuta maana yote ya saini. Noti ifungwe ndani ya saa 24, na baada ya hapo marekebisho yawe nyongeza yenye tarehe na sababu. Anayeandika baadaye jambo lililotokea mapema aandike nyakati mbili: wa tukio na wa kuandika.

Mwanafunzi akiandika, jina lake lionekane, na aliyemsimamia aweke yake.

Hatua ya 9: Andaa siku ya umeme kukatika

Chapisheni kila kiolezo kwenye karatasi kwa mpangilio uleule wa skrini, muviweke kwenye bahasha ya kila chumba. Mpangilio ukifanana, karani anaingiza baadaye bila kubahatisha. Teueni nani anaingiza, ndani ya muda gani, na karatasi inakwenda wapi baada ya hapo.

Hatua ya 10: Siri, na mgonjwa kama msomaji

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina ya mwaka 2019, na kuongezea Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Zote mbili za ulinzi wa taarifa zinampa mtu haki ya kufikia taarifa zake. Marekani wameshafika mbali zaidi: mradi wa OpenNotes ulianza kuwafungulia wagonjwa noti za madaktari mwaka 2010 huko Boston, Pennsylvania na Seattle, na tangu Aprili 2021 kanuni za serikali kuu zinataka mgonjwa aipate noti yake kielektroniki bila kucheleweshwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa.

Hili linagusa muundo moja kwa moja. Ondoeni kwenye orodha za kuchagua maneno kama "mkaidi" na "hafuati masharti". Wekeni "dawa ziliisha", "hakuwa na nauli", "madhara ya dawa", "hakuelewa maelekezo", na nafasi ya kuandika nyingine. Mama yule wa presha angeingia kwenye "hafuati masharti" na hakuna ambaye angejua cha kumsaidia.

Kuhusu ruhusa: majibu ya VVU, noti za ushauri nasaha na za ukatili ziwe na mlango wake. Mtu wa mapokezi anahitaji jina, namba ya faili na aina ya malipo. Hahitaji tathmini. Angalieni pia kichwa cha noti kinachoonekana kwenye orodha ya mahudhurio, maana mifumo mingi huficha maandishi ya ndani huku ikiacha jina la kliniki wazi kwa kila mtu.

Hatua ya 11: Pitia baada ya mwezi, kisha kila baada ya miezi sita

Mwombe fundi akutolee orodha ya visanduku vyote na ni mara ngapi kila kimoja kimejazwa. Visivyojazwa viulizwe: vinafaa lakini viko pabaya, au havifai? Vilivyojazwa jibu moja asilimia mia moja ya mara viulizwe zaidi. Halafu keti na famasia, maabara, mtu wa bima na muuguzi wa usiku, uwaulize wanachokitafuta bila kukipata. Kila kisanduku kipya kinachoombwa kwenye kikao hicho, aliyekiomba ataje na kimoja cha kuondolewa. Toleo la kiolezo lipewe namba na tarehe, na nakala za bahasha za umeme zibadilishwe siku hiyohiyo.